Tunatupa Mota Nzima, Tunachomelea Tangi Bovu

Kompresa ndogo, ile ya tangi la lita 24 au 50 yenye magurudumu mawili na mota ya nguvu za farasi mbili, inalisha familia nyingi mijini. Ndiyo inayojaza upepo tairi za bodaboda kando ya barabara. Ndiyo inayopulizia vanishi vitanda na makabati pale Keko, Dar es Salaam, na ndiyo inayopeperusha vumbi kwenye injini ya pikipiki kabla fundi hajaifungua. Ikigoma asubuhi, riziki ya siku imegoma.

Na ikigoma, mara nyingi hufanyika makosa mawili yanayopingana. La kwanza ni kuihukumu mashine nzima kwa ugonjwa wa kipuri kidogo kinachoshikika kwa vidole viwili. Mwenye mali anaambiwa mota imeungua, lazima isukwe upya, au pampu imekwisha, anunue nyingine. La pili ni hatari zaidi: tangi lililotobolewa na kutu linapelekwa kwa fundi wa kuchomelea, linazibwa tundu, linapakwa rangi na kurudishwa kazini. Kinachotengenezeka tunakitupa, kisichotengenezeka tunakiunga. Utaratibu huo unapaswa kugeuzwa, na mtu yeyote mwenye spana, sabuni na subira anaweza kuanza kuugeuza nyumbani kwake.

Tuone kwanza mashine inavyofanya kazi. Mota inazungusha mkono unaosukuma pistoni. Pistoni ikishuka huvuta hewa kupitia filta. Ikipanda huibana na kuisukuma tangini kupitia bomba la shaba au alumini. Juu ya silinda kuna bamba lenye vijiulimi viwili vya chuma chembamba: kimoja kinaingiza hewa, kingine kinaitoa. Katika mashine ambayo pampu imeshikamana na mota bila mkanda, kwa umeme wetu wa hezi 50, pistoni hupanda na kushuka karibu mara 2,850 kwa dakika, yaani vijiulimi hivyo hufunguka na kufunga karibu mara 47 kila sekunde. Kwenye mlango wa tangi kuna valvu ya kuzuia upepo usirudi. Kisha ipo swichi ya presha, ambayo katika mashine nyingi za aina hii huzima mota geji ikifika baa 8 hivi, na kuiwasha tena presha ikishuka hadi baa 6 hivi.

Sasa, kabla ya kushika spana, sikiliza. Iache mashine ijaze mpaka ijizime yenyewe. Kompresa nzima ikizima hutoa mlio mfupi wa upepo, tsss, kisha kimya. Mlio huo una kazi kubwa. Kuna valvu ndogo pembeni ya swichi inayotoa upepo uliobaki kwenye bomba kati ya hedi na tangi, ili pistoni ikianza tena isikute mzigo kichwani. Ukiuelewa mlio huo umeelewa nusu ya magonjwa ya kompresa.

Chukua hali ya kwanza: mota imezima, lakini upepo unaendelea kuvuja chini ya swichi, dakika moja, mbili, tano, mpaka geji inashuka na mota inawaka tena bila kutumika. Hapa ndipo watu wengi hutupa fedha. Kwa kuwa upepo unatokea kwenye swichi, wananunua swichi mpya. Wanaifunga, na swichi mpya nayo inavuja vilevile. Swichi haikuwa na kosa. Mwenye kosa ni valvu ya kuzuia upepo usirudi: imeshindwa kufunga, upepo wa tangi unarudi nyuma hadi kwenye bomba, na njia pekee ya kutokea ni kile kitundu kilichofunguliwa na swichi. Ndani ya valvu hiyo ya shaba nyeupe au ya njano utakuta kijiduara cha mpira na springi, na juu ya mpira kumeganda masizi ya oili au chembe za kutu. Mara nyingi kitambaa safi kinatosha. Mpira ukiwa umechimbika, badilisha mpira wenyewe au valvu nzima, nayo ni miongoni mwa vipuri vya bei ndogo kabisa katika mashine hii.

Ila usiifungue tangi likiwa na upepo. Chomoa waya kwenye soketi, fungua koki ya chini, subiri geji isome sifuri, kisha vuta pete ya valvu ya usalama kuhakikisha, maana geji hukwama ikasema uongo. Kanuni hiyo inahusu kila kazi ya spana nitakayoitaja.

Hali ya pili ni kinyume chake: mota inazima bila tsss yoyote, na inapotaka kuwaka tena inanguruma tu, taa za nyumba zinafifia, kisha kitufe cha kinga kinaruka. Upepo umebaki juu ya pistoni na mota haina nguvu ya kuusukuma. Ushahidi ni rahisi kuupata. Toa upepo wote tangini, bonyeza kitufe cha kinga, washa. Ikianza vizuri tangi likiwa tupu na kugoma likiwa na presha, angalia kwanza ile valvu ndogo ya pembeni na kijibomba chake chembamba, kwa kuwa huziba kwa vumbi. Ikinguruma hata tangi likiwa tupu, ugonjwa uko kwenye umeme au pampu imeshikana. Kwa hilo la mwisho, chomoa waya na uzungushe feni kwa mkono. Ikizunguka laini, pampu ni nzima.

Kwenye umeme nitakaa kidogo, kwa sababu ndiko mota nyingi zinakohukumiwa bila kosa. Mota ya nguvu za farasi mbili kwenye volti 230 hula takriban ampea 9 au 10 ikiwa imeshika mwendo. Lakini ule muda mfupi wa kuanza huvuta mara tano hadi sita ya hapo, karibu ampea 50. Weka katikati waya wa ekstensheni wa mita 20 wenye nyuzi nyembamba za milimita za mraba 0.75, kama zile zinazouzwa kwa ajili ya redio na feni, na volti 35 hadi 40 zitapotelea njiani. Mota inapokea volti 190 au zaidi kidogo. Nguvu ya kuanzia ya mota hupungua kwa kipeo cha pili cha volti, kwa hiyo karibu theluthi moja ya nguvu hiyo imekwenda. Mota inanguruma, inapata moto, inanuka, na mwisho inaungua kweli. Dawa yake ni kuiweka kompresa karibu na soketi na kununua mpira mrefu wa upepo. Mpira wa upepo wa mita 20 hauiumizi mota. Waya mwembamba wa urefu huohuo unaiua. Wanaotumia jenereta ndogo za nyumbani nao wajue kwamba jenereta inayowasha taa, televisheni na friji kwa raha inaweza kushindwa kabisa kuianzisha kompresa ya farasi mbili.

Umeme ukiwa mzuri na pampu inazunguka, mshukiwa anayefuata ni kapasita, kile kikopo kilichofunikwa mgongoni mwa mota. Ikivimba au kuvuja, imekwisha. Isipovimba, ipime kwa mita yenye sehemu ya kupimia kapasita: usomaji ukiwa chini ya ulioandikwa kwa zaidi ya asilimia 10, badilisha. Nunua yenye maikrofaradi zilezile, na volti zisizopungua zilizoandikwa kwenye ile ya zamani. Kumbuka kapasita hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya, hivyo usiguse ncha zake kabla ya kuumaliza umeme huo kwa kugusisha nyaya za balbu ya zamani ya waya. Fundi akikuambia mota isukwe upya, mwombe kwa heshima akuonyeshe kwanza kapasita ameipima ikasoma ngapi. Fundi mzuri hatachukia swali hilo.

Kuna kompresa ambayo haigomi, ila imekuwa goigoi. Inazunguka saa nzima, geji inapanda mpaka baa 4 na kusimama hapo. Kwa ugonjwa huu saa ya mkononi inasaidia kuliko spana. Mashine ikiwa mpya au ikiwa imetoka kutengenezwa, pima inachukua muda gani kutoka sifuri hadi kujizima, kisha uandike muda huo kwa maka peni ubavuni mwa tangi. Ukiongezeka kwa nusu, usisubiri uongezeke mara mbili.

Anza na filta. Katika karakana za useremala sponji ya filta hujaa unga wa mbao ndani ya siku chache, pistoni inavuta hewa kwa shida, na hedi inachemka. Ioshe kwa sabuni, ikaushe kabisa, irudishe. Bora zaidi, ihamishe mashine mbali na randa. Filta ikiwa safi na uvivu ukabaki, weka kiganja karibu na tundu la kuvutia hewa mashine ikiwa kazini. Unapaswa kuhisi kuvutwa tu. Ukihisi pumzi inarudi kiganjani, kijiulimi cha kuingizia hakifungi: kimepinda, kimevunjika au kimebebwa na uchafu. Ikiwa pumzi hairudi lakini hedi ni ya moto kupita kawaida, fungua hedi. Utakuta masizi kwenye kijiulimi cha kutolea, au mstari mweusi kwenye gasketi ulipopenya upepo kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Hapa naomba mafundi wanisikilize, kwa sababu nimeona gasketi za hedi zilizokatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi na nyingine kwenye boksi la karatasi. Hewa ikibanwa hadi baa 8 hutoka na joto linalozidi la maji yanayochemka. Mpira wa tairi hautadumu hapo. Tena unene wa gasketi umepimwa. Ukiweka nyembamba mno pistoni inaweza kugonga bamba la valvu. Ukiweka nene, hewa inabaki juu ya pistoni bila kusukumwa na mashine inazidi kuwa goigoi. Nunua karatasi halisi ya gasketi yenye unene wa ile ya zamani, na unapofunga boliti za hedi zikaze kwa kupishana msalaba, kidogo kidogo, kwa kuwa nyuzi zake zimechongwa kwenye alumini na hung'oka kirahisi.

Vijiulimi na gasketi vikiwa salama, zimebaki ringi. Fungua kifuniko cha kujazia oili mashine ikizunguka bila presha: ukiona moshi na pumzi nzito zinapanda kwa mpigo, ringi zimeliwa. Kuzibadilisha ni kazi ya saa chache kwa anayejua, na silinda ikiwa haijachanika, mashine inarudi katika nguvu zake.

Kuhusu oili sitasema mengi. Mashine yenye kioo chenye duara jekundu inataka oili ifike katikati ya duara hilo, na oili yenyewe iwe ya kompresa, kwa joto letu ile ya daraja la 100. Oili ya injini ya gari ina viungo vya kusafishia ambavyo havifai hapa. Oili ikigeuka nyeupe kama chai ya maziwa, imeingiwa na maji, imwage. Zile mashine zinazopiga kelele nyingi na zisizo na kioo hazitumii oili kabisa, na kuzitia oili ni kuziharibu.

Uvujaji hautaki ujuzi wowote, unataka povu. Jaza tangi, zima, changanya sabuni ya unga na maji, paka kwenye kila kiungo. Panapochemka povu ndipo pa kufungua, kusafisha nyuzi na kuzungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba upande unaokazia. Watu hudharau uvujaji mdogo kwa sababu upepo ni wa bure. Umeme wa kuubana upepo huo si wa bure. Kila saa nzima ambayo mota hii inazunguka inakula karibu uniti 2 za LUKU, na uvujaji wa mahali pawili au patatu unaweza kuiwasha mota mara kwa mara siku nzima bila mtu kufanya kazi yoyote.

Hayo yote yanatibika. Linalonipa wasiwasi ni maji.

Hewa ya pwani yetu ni nzito kwa unyevu. Kwa joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, hali ya kawaida ya Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, kila mita moja ya ujazo ya hewa hubeba karibu gramu 24 za mvuke wa maji. Tangi la lita 50 likijazwa hadi baa 8 hubeba hewa ambayo nje ingechukua lita 450. Ikishapoa, hewa hiyo iliyobanwa haiwezi kushika mvuke wote, na gramu 9 hivi zinageuka maji, sawa na vijiko viwili vidogo vya chai, katika ujazo mmoja tu. Karakana inayojaza tangi mara 20 kwa siku inakusanya karibu glasi nzima kabla ya jioni. Maji hayo yanalala chini ya tangi na kuanza kula chuma kutoka ndani, ambako hakuna rangi na hakuna jicho.

Anayepulizia samani vanishi huyaona maji kabla ya wengine, kwa sababu humharibia kazi: wakati wa masika vanishi inafanya ukungu mweupe au vipele. Anadhani vanishi ni mbovu. Wa kujazia tairi haoni kitu, naye ndiye anayekaa na tangi lenye maji kwa miezi. Dawa haina gharama hata senti moja. Kila jioni, presha ikiwa imebaki kidogo, baa moja au mbili, fungua koki ya chini ya tangi mpaka maji yaishe na upepo mkavu utoke, kisha iache wazi usiku kucha. Yakitoka maji ya rangi ya kutu, tangi limeanza kuliwa na linahitaji macho.

Nusu ya kompresa zinazopangwa kando ya barabara zina koki iliyokwama kwa kutofunguliwa tangu siku ya kununuliwa. Sina takwimu za kulithibitisha hilo, lakini msomaji anaweza kuinama na kuijaribu ya kwake.

Sasa fikiria nguvu iliyomo. Baa 8 ni uzito wa takriban kilo 8 kwenye kila sentimita moja ya mraba ya chuma. Kifuniko cha ubavuni mwa tangi chenye kipenyo cha sentimita 25 kinasukumwa kwa nguvu ya karibu tani 4, kila mara geji inapofika juu, kisha kinaachiwa, kisha kinasukumwa tena. Chuma kizima kinaimudu kazi hiyo kwa miaka. Chuma kilicholiwa na kutu hakiwezi. Na kutu haitoboi mahali pamoja ikaacha kwingine salama: tundu la ukubwa wa sindano ni pale tu chuma kilipowahi kuisha, na kiganja kizima kinachozunguka tundu hilo kimebaki chembamba. Kuchomelea kunaongeza joto linalodhoofisha chuma hicho chembamba na kuacha kovu gumu linaloweza kupasuka ukingoni. Tangi lililozibwa hivyo linaweza kufanya kazi wiki kadhaa, na ndiyo maana watu wanaamini limepona. Siku litakapofumuka halitavuja, litararuka, na vipande vyake vitafika alipo mtoto aliyekuja kujaza baiskeli.

Ndiyo sababu matangi hupimwa kwa maji. Linajazwa maji pomoni bila hewa kubaki, kisha presha inapandishwa juu ya ile ya kazi, mara nyingi mara moja na nusu. Maji hayabanwi kama hewa, hivyo tangi likishindwa linapasuka na kutiririsha maji, bila mlipuko. Atakayekupimia tangi lenye kutu kwa kulijaza upepo mwingi zaidi "tuone kama litahimili" anacheza na roho yako na yake. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Wakala wa OSHA hukagua vyombo vya presha viwandani. Karakana ya uani haipati mkaguzi, kwa hiyo mwenye karakana ndiye mkaguzi.

Mambo mengine mawili yanaingia hapa. Kuna wanaoikaza skrubu ya swichi ili mashine izime kwenye presha kubwa kuliko iliyoandikwa kwenye kibati cha tangi, na kuna wanaoiziba valvu ya usalama kwa boliti kwa kuwa inavuja. Valvu ya usalama inayovuja inabadilishwa siku hiyohiyo. Na wabunifu wetu wanaofunga kompresa ya friji kwenye mtungi wa gesi ya kupikia, ambao nauheshimu ubunifu wao, wafahamu kwamba mota ya friji haina cha kuisimamisha presha ikizidi, na kwamba kuchomelea mtungi uliokuwa na gesi, hata uliokaa tupu muda mrefu, kunaweza kuulipua mikononi mwa fundi. Asiyeweza kufunga swichi ya presha na valvu ya usalama asiuwashe mtambo huo.

Tangi likitoboka, hasara si ya mashine yote. Pampu, mota, swichi na geji vinafunguliwa kwa boliti na kuhamia kwenye tangi jingine zima lenye kibati chake. Tangi bovu litobolewe tundu kubwa lisiweze kutumika tena, kisha liuzwe chuma chakavu. Na ninyi mafundi wa kuchomelea, ambao ndio mlango wa mwisho, mtu akiwaletea tangi la kompresa lenye tundu, kataeni fedha yake, mwelezeni sababu, na mwelekezeni anakouziwa tangi jingine.